SENETA BLANCHE BRUCE: MTETEZI WA SHERIA NA AKIBA YA WANYONGE

Katika ukurasa huu leo tunapenda kuwasimulia maisha ya mtu mmoja aliyezaliwa mtumwa, akafa akiwa ofisa mkubwa wa Hazina ya nchi yake, na katikati ya hayo akakaa miaka sita katika Seneti ya Marekani. Jina lake ni Blanche Kelso Bruce. Wengi wetu tumezoea kusikia habari za watu weusi wa Marekani waliopigana kwa mikutano, maandamano na mahubiri. Bruce alipigana kwa njia nyingine, njia ya miswada, kamati, hesabu na taarifa. Njia hiyo haina kelele nyingi, na kwa sababu hiyo watu wameisahau. Sisi twaona kwamba inastahili kukumbukwa, kwa maana Bruce alielewa mapema jambo ambalo wengi huchelewa kulielewa: kwamba mtu aliyenyang'anywa kura yake hana namna ya kuilinda akiba yake.

UTOTO NA UTUMWA

Bruce alizaliwa tarehe 1 Machi 1841 karibu na Farmville katika jimbo la Virginia. Mama yake aliitwa Polly, naye alikuwa mtumwa, na kwa sheria ya siku zile mtoto wa mtumwa alikuwa mtumwa hata kama baba yake alikuwa mtu huru. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba baba yake alikuwa Pettis Perkinson, ndiye bwana mwenyewe wa nyumba ile. Mtoto huyo alikuwa na bahati moja ambayo watumwa wengi hawakuipata. Aliruhusiwa kukaa karibu na mwalimu aliyekuwa akimfundisha mtoto halali wa bwana wake, na hivyo akajifunza kusoma na kuandika. Jamaa ile ilihama mara kadhaa kati ya Virginia, Mississippi na Missouri, na huko Missouri kijana Bruce akajifunza kazi ya kupiga chapa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, Bruce hakungoja kupewa uhuru kwa karatasi. Alitoroka, akakimbilia Lawrence katika jimbo la Kansas, akafundisha watoto weusi. Tarehe 21 Agosti 1863 kundi la wapiganaji wa Kusini waliokuwa chini ya William Quantrill liliuvamia mji huo, likachoma nyumba na kuua wanaume na wavulana wapatao 150. Bruce aliponea chupuchupu. Baadaye alirudi Missouri, akafungua shule ya watoto weusi katika mji wa Hannibal, na baada ya vita akafanya kazi ya uchukuzi katika meli za mvuke za mtoni.

Mwaka 1869 alihamia Mississippi. Hapo ndipo nyota yake ilipong'aa. Wakati ule Marekani ilikuwa katika kipindi cha Ujenzi Mpya: watumwa walikuwa wamefunguliwa, wanaume weusi walikuwa wamepewa kura, na majeshi ya serikali kuu yalikuwa bado Kusini. Katika wilaya ya Bolivar, Bruce alichaguliwa kuwa sherifu na mtoza kodi, akapewa pia usimamizi wa shule. Kazi hizo tatu zilimpa maarifa ambayo hayapatikani chuoni. Usherifu ulimwonyesha jinsi sheria inavyotekelezwa au kupuuzwa. Utoza kodi ulimwonyesha fedha za umma zinatoka wapi, na usimamizi wa shule ukamwonyesha fedha hizo zinapaswa kwenda wapi. Yeye mwenyewe alinunua ardhi ya pamba, akatajirika.

KUINGIA SENETI

Siku zile maseneta hawakupigiwa kura na wananchi moja kwa moja. Walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Mwezi Februari 1874 Bunge la Mississippi lilimchagua Bruce, na mwezi Machi 1875 akaapishwa mjini Washington. Mtu mweusi mmoja alikuwa amemtangulia katika baraza hilo, naye ni Hiram Revels, pia wa Mississippi, lakini Revels alikaa mwaka mmoja tu. Bruce akawa wa kwanza kumaliza kipindi kizima cha miaka sita.

Desturi ya Seneti ilikuwa kwamba seneta mpya hupelekwa mbele kuapa akisindikizwa na seneta mwenziwe wa jimbo lake. Mwenziwe huyo, James Alcorn, hakuinuka kitini. Bruce alianza kutembea peke yake kuelekea mbele. Ndipo Roscoe Conkling, seneta wa New York, alipotoka mahali pake akamshika mkono, akamsindikiza mpaka kwenye kiapo. Bruce hakuusahau wema huo. Baada ya kumwoa Josephine Willson mwaka 1878, mtoto wao wa kiume alipozaliwa walimpa jina la Roscoe Conkling Bruce.

HOJA YA UCHAGUZI

Mwaka wake wa kwanza Bruce alisema machache, akasikiliza mengi. Alipoanza kusema mwezi Machi 1876, alianza na suala la sheria. Jimbo la Louisiana lilikuwa limemchagua P. B. S. Pinchback, naye mtu mweusi, kuwa seneta, lakini Seneti ilikuwa imekaa kwa miaka mitatu bila kumpa kiti. Bruce alisimama kumtetea. Hoja yake haikuegemea rangi ya Pinchback. Alieleza kwamba serikali ya Louisiana iliyomchagua ilikuwa imekubaliwa na Rais, Bunge na mahakama, kwa hiyo Seneti haiwezi kuikubali serikali kwa mambo mengine yote kisha ikaikataa katika jambo hili moja. Ilikuwa hoja ya mwanasheria, ingawa hakusomea sheria. Kura zilipopigwa, Pinchback alikataliwa kwa kura 32 dhidi ya 29.

Mwisho wa mwezi huohuo Bruce alisimama tena, safari hii kwa ajili ya jimbo lake. Katika uchaguzi wa mwaka 1875 huko Mississippi, makundi yenye silaha yalikuwa yamewatisha, kuwapiga na kuwaua wapiga kura weusi, na gavana alipoomba msaada wa jeshi la serikali kuu hakuupata. Bruce aliitaka Seneti ifanye uchunguzi. Hakuomba kisasi, wala hakudai kwamba watu weusi wapendelewe. Aliuliza iwapo katiba iliyowapa kura ina nguvu ya kuwalinda wanapokwenda kuipiga, na akaonya kwamba watu wakiiona sheria inawaacha mikononi mwa wenye bunduki, imani yao kwa serikali itakufa. Seneti ilikubali, kamati ikaundwa, mashahidi wakasikilizwa, taarifa ikaandikwa. Wahalifu karibu wote hawakuguswa. Mwaka 1877 askari waliobaki wakizilinda serikali za Ujenzi Mpya huko Kusini waliondolewa kwenye kazi hiyo, na mlango wa kipindi kile ukafungwa.

Ndugu wasomaji, hapa tutazame hali ya mtu huyu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Bruce alibaki mweusi pekee katika Seneti nzima, akiwakilisha jimbo ambalo tayari lilikuwa limetekwa na maadui wa watu wake. Alijua kwamba kipindi chake kikiisha hatarudi. Mtu mwingine angeweza kuketi kimya akila mshahara wake. Bruce aliamua kuitumia miaka iliyobaki kushughulikia mambo ya mfukoni, yale ambayo yaliwaumiza wanyonge kila siku.

MTO, ARDHI NA PENSHENI

La kwanza lilikuwa mto Mississippi. Ardhi ya kando ya mto ule ina rutuba sana, lakini mafuriko yalikuwa yakibomoa matuta ya udongo yaliyojengwa kuyazuia, na vita vilikuwa vimeyaacha matuta hayo katika hali mbaya. Bruce, aliyetoka Bolivar ambako kila mtu aliishi kwa hofu ya mto, aliishawishi Serikali mara kwa mara itoe fedha za kujenga matuta na kusafisha njia ya meli. Alitambua kwamba mto unaopita katika majimbo mengi hauwezi kutawaliwa na jimbo moja. Mwaka 1879 Bunge liliunda Tume ya Mto Mississippi, ambayo ipo mpaka leo.

La pili lilikuwa haki za askari. Askari weusi wapatao 180,000 walikuwa wamelitumikia Jeshi la Muungano katika vita vile. Wengi wao, pamoja na wajane na mayatima wa waliokufa, walipata shida kubwa kudai malipo na pensheni, kwa kuwa mtu aliyezaliwa mtumwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha ndoa. Bruce alipeleka miswada na maombi ya watu hao mbele ya Seneti. Mingi haikupita.

Katika mwaka 1879 maelfu ya watu weusi walianza kuikimbia Mississippi na Louisiana kwenda Kansas, wakikimbia madeni ya mashamba na vitisho vya usiku. Bruce hakuwahimiza wahame, kwani aliamini kwamba mahali pao ni pale walipomwaga jasho. Lakini walipofika Kansas bila nguo wala chakula, hakuwatupa. Alipigania sheria ya kuruhusu nguo za msaada kutoka Uingereza ziingie bila kutozwa ushuru wa forodha.

Tena hakuwatetea watu wa rangi yake peke yao. Tarehe 14 Februari 1879 aliitwa kukalia kiti cha mwenyekiti wa Seneti kwa muda, mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Siku hiyo Seneti ilikuwa ikijadili mswada wa kuzuia Wachina, ambao ungekataza meli moja kuleta zaidi ya Wachina 15. Bruce aliupinga, akieleza kwamba yeye, mtu wa taifa lililowekwa nje ya sheria kwa muda mrefu, hawezi kupiga kura ya kuwaweka wengine nje. Mswada ulipita, lakini Rais Hayes aliukataa. Mwaka 1880 Bruce alisema pia kwa ajili ya Wahindi Wekundu wa kabila la Ute, akiilaumu siasa ya kuwahamisha kutoka nchi moja hadi nyingine, na kutaka wapewe elimu na haki za raia.

MKASA WA KADETI WHITTAKER

Sisi tuliopitia chuo cha kadeti tunalisoma jambo lifuatalo kwa uchungu wa pekee. Mwezi Aprili 1880, katika chuo cha kijeshi cha West Point, kadeti mweusi aitwaye Johnson Whittaker alikutwa asubuhi amefungwa kitandani mwake, amepigwa, na masikio yamekatwa kwa kisu. Wakuu wa chuo, badala ya kuwatafuta waliomshambulia, walimshtaki yeye kwamba amejiumiza mwenyewe ili akwepe mtihani. Bruce alitaka uchunguzi ufanywe juu ya mkasa huo. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu Whittaker mwaka 1881, na mwaka uliofuata Rais Arthur akaitangua hukumu, lakini kijana alifukuzwa chuoni kwa kisingizio cha kushindwa mtihani. Ilipofika mwaka 1995, miaka mingi baada ya kifo chake, Rais wa Marekani alimpa Whittaker cheo cha luteni alichonyimwa. Jeshi lenye nidhamu ni lile linalomlinda askari wake mdogo kabisa. Bruce aliyekuwa raia alilijua hilo kuliko majenerali waliokuwa wakikiongoza chuo.

BENKI YA WATU WALIOFUNGULIWA

Sasa tufike kwenye kazi kubwa kuliko zote alizozifanya. Tarehe 3 Machi 1865, Rais Lincoln alitia sahihi sheria ya kuanzisha Benki ya Akiba ya Watu Waliofunguliwa. Kusudi lake lilikuwa jema. Askari weusi waliokuwa wakilipwa mshahara, wafuaji nguo, vibarua wa pamba, wapagazi na wapishi, wote walihitaji mahali salama pa kuweka senti zao. Haba na haba hujaza kibaba: benki ilifungua matawi 37, na amana zikamiminika. Vitabu vya akiba vilipambwa kwa picha ya Lincoln, na watu wakaamini, tena wakaaminishwa na baadhi ya maofisa wa benki, kwamba Serikali yenyewe ndiyo mdhamini. Haikuwa hivyo. Benki ilikuwa ya watu binafsi, ingawa sheria yake ilitungwa na Bunge.

Mwanzoni sheria iliitaka benki iweke fedha katika hati za dhamana za Serikali, ambazo ni salama. Mwaka 1870 Bunge lililegeza masharti, likaruhusu mikopo ya rehani ya ardhi na majengo. Huo ndio ufa uliobomoa ukuta. Mwenyekiti wa kamati ya fedha ya benki, Henry Cooke, alikuwa ndugu wa tajiri Jay Cooke, na akiba za wafuaji nguo zikaanza kukopeshwa kwa marafiki na makampuni yasiyokuwa na dhamana ya kutosha. Mwaka 1873 kampuni ya Jay Cooke ilifilisika na msukosuko wa fedha ukaenea nchi nzima. Mwezi Machi 1874 wakubwa wa benki walimweka Frederick Douglass, mtu mweusi aliyeheshimiwa kuliko wote, kuwa rais wa benki. Douglass alikopesha benki dola 10,000 zake mwenyewe kabla ya kugundua kwamba amekabidhiwa maiti. Katikati ya mwaka huo milango ikafungwa. Wawekaji akiba zaidi ya 61,000 walikuwa wakidai karibu dola milioni 3, wastani usiofika dola 50 kwa mtu. Kwa mama aliyefua nguo kwa miaka 9, hizo dola 50 zilikuwa maisha yake yote.

Bunge liliweka makamishna 3 wa kukusanya mali ya benki na kuwalipa wadai. Kila mmoja alilipwa dola 3,000 kwa mwaka, mbali na gharama za mawakili na ofisi. Miaka ikapita, fidia ikatoka kidogo kidogo, na gharama zikaendelea kula kile kile kilichokuwa cha kugawiwa.

Mwezi Aprili 1879 Bruce alipewa uenyekiti wa kamati maalumu ya Seneti ya kuchunguza benki hiyo. Hapo tunamwona yule mtoza kodi wa Bolivar akirudi kazini. Kamati yake iliita mashahidi, ikapekua vitabu vya hesabu, ikafuata mikopo mmoja mmoja, ikiuliza nani alikopa, kwa dhamana gani, na nani aliidhinisha. Taarifa yake, iliyotolewa mwezi Aprili 1880, ilionyesha wazi uzembe na udanganyifu wa wasimamizi, na kwamba mabadiliko ya sheria ya mwaka 1870 ndiyo yaliyowafungulia njia. Kisha kamati ikapendekeza mambo ya utendaji: makamishna 3 waondolewe, kazi apewe ofisa mmoja wa Serikali ili gharama zipungue, na Serikali ilinunue jengo la benki lililosimama karibu na Hazina, ili fedha zake wagawiwe wadai.

Mapendekezo hayo yalisikilizwa. Mwaka 1881 sheria mpya ilimkabidhi kazi Mdhibiti wa Fedha, na jengo likanunuliwa na Serikali. Hadi mwaka 1883 wawekaji akiba walikuwa wametangaziwa malipo ya jumla ya senti 62 katika kila dola. Hata hivyo, wengi walikuwa wamekufa, wamehama, au wamepoteza vitabu vyao, hawakupata chochote. Bruce alitaka Bunge lilipe kiasi kilichobaki kutoka Hazina, kwa kuwa Bunge ndilo lililotunga sheria na kushindwa kuisimamia. Ombi hilo, lililorudiwa na wengine kwa miaka mingi, halikukubaliwa kamwe.

BAADA YA SENETI

Mwezi Machi 1881 kipindi cha Bruce kiliisha. Aliyekalia kiti chake alikuwa James George, mtu yule yule aliyekuwa kiongozi wa chama kilichoshinda uchaguzi wa vitisho wa mwaka 1875. Mwaka 1890 George alishiriki kuandika katiba mpya ya Mississippi, iliyotumia kodi ya kichwa na mtihani wa kusoma ili kuwaondoa watu weusi katika daftari la wapiga kura. Onyo alilolitoa Bruce mwaka 1876 likawa limetimia.

Rais Garfield alimteua Bruce kuwa Msajili wa Hazina mwaka 1881, na kwa hiyo sahihi ya mtu aliyezaliwa mtumwa ikachapwa kwenye noti za Marekani, mara ya kwanza katika historia ya nchi ile. Alirudishwa katika cheo hicho mwaka 1897, akafa mjini Washington tarehe 17 Machi 1898 kwa ugonjwa wa kisukari, akiwa na umri wa miaka 57.

Wapo waliomlaumu, na lawama hizo hazifai kufichwa. Walisema alikuwa mpole mno, kwamba alipenda maisha ya raha ya Washington, na kwamba wakulima waliolima ardhi yake ya pamba hawakuwa na hali bora sana kuliko wa jirani. Huenda yapo ya kweli katika hayo. Lakini tukiipima kazi yake kwa haki, tutaona kwamba wengi waliokuwa wakali kuliko yeye hawakuwahi kumfungulia mfuaji nguo kitabu cha benki na kumwonyesha fedha yake ilikwenda wapi.

Baada ya Bruce kuondoka, Seneti ya Marekani ilikaa hadi mwaka 1967 kabla ya kumpokea mtu mweusi mwingine, Edward Brooke wa Massachusetts. Ile benki nayo haikusahauliwa kabisa. Mwezi Januari 2016, jengo la Hazina linalosimama mahali ilipokuwa benki ile lilibadilishwa jina, likaitwa Jengo la Benki ya Watu Waliofunguliwa. Ni heshima njema, nasi twaipongeza. Ila zile senti 38 za kila dola, ambazo Bruce aliziombea katika Seneti, mpaka leo hazijalipwa.